Kabla shamba halijauzwa kwa ajili ya ada ya chuo kikuu



Ijumaa hii tunaelekea magharibi kabisa mwa nchi yetu, katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kuzungumzia jambo linalowakosesha usingizi wazazi wengi kila ifikapo mwezi Julai. Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, furaha ya nyumbani hudumu siku mbili au tatu. Baada ya hapo huja swali: mtoto aende chuo gani, na kwa fedha ya nani?

Tulimkuta mzazi mmoja wa tarafa ya Rulenge, mkulima wa kahawa na migomba, akiwa katika hali hiyo hiyo. Kijana wake wa tatu alikuwa amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCB, akapata B ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali. Kimoja ni chuo binafsi, kwa masomo ya udaktari wa binadamu. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa shahada ya uuguzi. Mzee alikuwa amekwisha kuamua. Mnunuzi wa shamba alikuwa amepatikana, bei imetajwa, na kilichobaki ni kuwaita mashahidi na mwenyekiti wa kitongoji.

"Nimezaa daktari," alituambia. "Shamba ni udongo tu."

Hatukuwa na haraka ya kumpinga. Mzazi anayekubali kuuza ardhi yake kwa ajili ya elimu ya mwanawe anastahili heshima, na wapo wengi katika nchi hii walio madaktari, mahakimu na walimu kwa sababu baba au mama alifanya hivyo. Lakini tulimwomba atufanyie hesabu, naye akatutajia ada ya mwaka wa kwanza. Tukamwuliza ada ya mwaka wa pili. Akanyamaza.

Hapo ndipo penye tatizo tunalotaka kulieleza. Wazazi wetu wengi hupima mwaka mmoja, ilhali chuo ni safari ya miaka mingi. Shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu. Uhandisi, ufamasia na uuguzi huchukua minne. Udaktari wa binadamu huchukua mitano, kisha unafuata mwaka mmoja wa mafunzo tarajali hospitalini kabla ya mhitimu kusajiliwa. Katika vyuo vya umma ada ya udaktari haifiki shilingi milioni 2 kwa mwaka; katika vyuo binafsi ni mara kadhaa ya hiyo. Bei ya shamba la mzee wetu, tulipoigawa pamoja naye juu ya gome la daftari, ilitosha mwaka mmoja na nusu. Miaka mitatu na nusu iliyosalia haikuwa na shamba.

Mzee alisema, "Kuna mkopo wa serikali."

Ni kweli upo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na tangu wakati huo watoto wengi wa wakulima wamesoma kwa fedha hizo. Hata hivyo, yatupasa kuelewa jinsi mkopo huo unavyotolewa. Bodi hupima uwezo wa familia, kisha humpa mwombaji sehemu ya mahitaji yake. Si kila anayepata mkopo hupata wote. Fedha ya chakula na malazi, ambayo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku na ikapandishwa kuwa 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, ndiyo inayomfikia mwanafunzi mwenyewe. Ada hupelekwa chuoni, na kwa anayesoma chuo binafsi cha gharama kubwa, kiasi kinachokopeshwa mara nyingi hakifikii ada yote. Pengo hilo hujazwa na mzazi. Aidha, majina ya waliopata hutolewa kwa awamu, na zipo familia zinazojua hatima yao wakati chuo kimekwisha kufunguliwa. Anayeuza shamba mwezi Agosti anauza kabla ya kujua atatakiwa kulipa kiasi gani.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu lipo jambo jingine ambalo kwa miaka mingi liliwasumbua. Mkopo wa Bodi ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka, iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha, na wazazi wengi wa Kiislamu waliiona kuwa ni riba kwa jina jingine. Wapo waliowazuia watoto wao wasiombe. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza hatua hiyo siku ya Mei Mosi jijini Mwanza, na mwaka huo huo ikaondolewa pia adhabu ya asilimia 10 iliyowaangukia waliochelewa kuanza kulipa. Kinachobaki ni deni lenyewe, ambalo mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi liishe. Tunashangaa kwamba hadi leo wapo wazazi vijijini wanaokataa mkopo kwa hoja ambayo imekwisha kuondoka, huku wakiwa tayari kukopa kwa mfanyabiashara wa kahawa kabla ya mavuno, kwa masharti ambayo hatutaki hata kuyaeleza hapa.

Lakini mkopo huombwa kwa karatasi, na karatasi ndizo zinazowakwaza watu wa Ngara kuliko umaskini wenyewe. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi aonyeshe cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Mdhamini awe na kitambulisho. Kwa mtu wa Morogoro au Tanga, haya ni usumbufu wa siku chache. Kwa mtu wa mpakani, ambaye kijiji chake kinatazamana na Burundi au Rwanda ng'ambo ya mto, kila karatasi hufuatwa na swali: babu yako alizaliwa wapi? Wilaya hizi zimepitia mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benaco ikawa kambi kubwa kama mji. Septemba 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma. Maafisa wana sababu ya kuwa waangalifu, na hatuwalaumu. Ila mtoto wa Mhangaza au Mshubi, aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi na hakuandikishwa, huanza kutafuta cheti chake Julai, wakati dirisha la maombi tayari liko wazi, na kufika Septemba bado anazungushwa. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tano sasa hivi, katika Kabanga, Murusagamba au Nyakahura, anayo nafasi ambayo mwenzake wa kidato cha sita hana. Kazi hiyo haimgharimu shamba. Inamgharimu nauli ya kwenda wilayani mara mbili au tatu.

Tuje kwenye uchaguzi wa chuo chenyewe.

Watu wa mbali hudhani kwamba mtu wa Kagera ana chuo cha karibu Bukoba. Bukoba ilipata kuwa na vyuo vikuu vishiriki viwili, kimoja cha Kanisa la Kilutheri kilichopewa jina la Askofu Josiah Kibira, na kingine cha Kanisa Katoliki kilichopewa jina la Kardinali Rugambwa. Vyote viwili vimefungwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeingia mkoani Kagera na ujenzi wa kampasi kupitia mradi wa HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini hata hiyo Bukoba, kwa mtu wa Ngara, ni safari ya siku nzima. Kwa mtu wa Biharamulo, mji wa vyuo ulio karibu ni Mwanza: kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi, na chuo cha afya na tiba cha Bugando. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilometa 3, safari ya Chato, Geita, Sengerema hadi Mwanza haisubiri tena kivuko. Zaidi ya hapo ni Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Kutoka Rusumo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200, na nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwaka, inastahili kuandikwa kwenye daftari lile lile la ada. Wengi huisahau, kisha mtoto hukaa chuoni likizo nzima kwa kukosa nauli.

Wapo pia wanaotazama ng'ambo ya mpaka. Kutoka Ngara, Kigali iko karibu kuliko Dodoma, na Uganda imesomesha watu wa Kagera kwa vizazi. Kwa wazazi wa Kiislamu, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichopo Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, kina jina zuri. Hakuna ubaya. Ila mzazi ajue mambo mawili. Mkopo wa Bodi umewekwa kwa ajili ya wanaosoma vyuo vya hapa nchini. Pili, anayekwenda nje anatakiwa kupata kwanza cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, na akirudi shahada yake itapelekwa kwenye Tume hiyo ili itambuliwe. Na tusisahau vijana wetu waliokuwa wakisoma Khartoum, ambao vita vya Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani na begi moja mkononi.

Ndani ya nchi, wazazi wengi wa Kiislamu hutuuliza juu ya Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanzishwa katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO, ambayo Rais Benjamin Mkapa aliwakabidhi Waislamu mwaka 2004. Jibu letu ni lile lile tunalolitoa kuhusu chuo chochote: tazama kwanza programu. Kama mtoto anataka ualimu au sheria, Morogoro panamfaa. Kama anataka uhandisi wa migodi, kumpeleka pale kwa sababu ya jina la dini ni kumwonea mtoto na kukionea chuo.

Na hapa tuseme neno juu ya migodi, maana Ngara nzima inaizungumza. Nikeli ya Kabanga ilijulikana tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Tembo Nickel, ambayo serikali ina hisa za asilimia 16, iliundwa Januari 2021. Kila mzazi sasa anamtaka mtoto asome jiolojia. Ni fani nzuri na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma wanaifundisha, lakini kizazi kizima Ngara kimekua na kuzeeka kikiusubiri mgodi huo. Mtoto asome jiolojia kama anaipenda na ana alama zake za Fizikia, Kemia na Jiografia, awe tayari kufanya kazi Geita, Kahama au hata nje ya nchi. Asiisome kwa sababu lori la kampuni limepita mbele ya nyumba.

Vilevile ualimu. Wako wazazi ambao bado wanaishi katika miaka ya 2000, wakati mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo kabla hajamaliza kuaga wenzake chuoni. Zama hizo zimepita. Leo waliosomea Historia na Kiswahili wanasubiri ajira kwa miaka, ilhali shule za sekondari bado zinalia kwa kukosa walimu wa Hisabati na Fizikia.

Jambo la mwisho kabla hatujarudi kwa mzee wetu linahusu mahali ambapo uamuzi huu hufanyika. Tangu mwaka 2017 wanafunzi huomba moja kwa moja katika vyuo, si kwa Tume kama ilivyokuwa tangu 2010. Maombi yote ni ya mtandao. Katika vijiji vyetu, mtandao maana yake ni steshenari ya mjini: kijana mmoja, kompyuta moja, foleni ya watoto. Tume imeweka kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kuwa ni alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4, na kwa udaktari ni masomo yote matatu ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja likiwa angalau D. Kijana wa steshenari analijua hilo, na humjazia mtoto programu yoyote ambayo alama zake zinaifikia. Lakini kufikia kiwango si kuchaguliwa. Katika vyuo vya umma ushindani uko juu zaidi ya kiwango hicho. Mtoto anarudi nyumbani na programu tano ambazo hakuna hata mmoja katika familia aliyekaa akazizungumza. Nasi tunaouza ng'ombe kwa mashauriano ya ukoo mzima tunamwachia mgeni achague maisha ya mtoto kwa dakika 15.

Mama mmoja wa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mjane anayeuza mchele kando ya barabara kuu ya malori, alikataa hilo. Binti yake alikuwa na HGL. Wajomba walitaka asome karibu, au asisome kabisa hadi aolewe, wakisema Dar es Salaam itamharibu. Mama alikwenda naye steshenari, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akataka asomewe kila programu kwa Kiswahili kabla haijabonyezwa. Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa yake mwenyewe. Cheti cha kifo cha marehemu mumewe alikuwa amekishughulikia mwaka mmoja kabla, kwa kuwa mwalimu wa shule alimwonya. Binti akachaguliwa Mzumbe kusoma sheria, mkopo ukatoka sehemu kubwa. Tunakiri kwamba hofu ya wajomba tuliielewa. Mabweni hayatoshi katika vyuo vingi na msichana anayepanga chumba mtaani ana mitihani isiyo ya darasani. Lakini mama aliwauliza nani kati yao atamlisha binti huyo akibaki, na mjadala ukaishia hapo.

Turudi Rulenge. Jioni ile, baada ya hesabu ya daftari, tulimwomba mzee amwite kijana. Alikuja, akasalimia, akakaa kwenye ukingo wa kibaraza. Kwa miezi yote miwili hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Mwanangu," mzee alisema, "hawa wageni wanataka kujua wewe mwenyewe unataka nini."

Kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Baba, naogopa kufika mwaka wa tatu nikarudishwa. Wadogo zangu ni watatu. Shamba likienda, wao watasoma kwa nini?"

"Ulikuwa unataka udaktari tangu darasa la tano."

"Nautaka hadi leo. Lakini uuguzi Dodoma nitaumaliza, baba. Nikianza kazi, nikitaka kuendelea nitaendelea kwa mshahara wangu."

Mzee hakufurahi. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hakumlea mtoto awe mtu wa kubeba vyombo vya wagonjwa. Tulimkumbusha kwamba pale Murgwanza, kwenye hospitali ya Kanisa Anglikana ambako nusu ya watoto wa Ngara wamezaliwa au kutibiwa, kuna chuo cha uuguzi, na kwamba yeye mwenyewe alipolazwa kwa malaria ni muuguzi aliyekesha naye, daktari alipita mara moja asubuhi. Alicheka kidogo, lakini hakusema ndiyo. Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi nyuma yetu na hakuwa ametia neno, ndiye aliyesema mnunuzi aambiwe asubiri.

Kisha likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mwanafunzi aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu, na muda wa kuthibitisha una mwisho. Tulimwuliza kijana kama ameipata namba hiyo. Hakuwa ameipata. Fomu ilikuwa imejazwa kwa simu ya kijana wa steshenari, na zilibaki siku mbili.

Asubuhi iliyofuata, baada ya swala ya alfajiri, tuliwaona baba na mwana wakipanda pikipiki moja kuelekea Ngara mjini, mzee akiwa nyuma, ameshikilia bahasha ya vyeti kifuani ili isipeperushwe na upepo.